Vita vya dakika 38 Unguja: rekodi tunaitaja, waliokufa hatuwataji

MtembezaMji

Assalaam alaykum, na habari za humu wakuu.

Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, huu mwaka wa kumi na moja. Nikifika na watu Forodhani mbele ya Beit al-Ajaib, hakosi mmoja wa kuniuliza kama ni kweli hapa ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Nikisema ndiyo, wanacheka. Sijawahi kuwalaumu, mtu akisikia jambo la ajabu hucheka. Lakini wiki iliyopita nilikuwa na wanafunzi wetu wenyewe, wa skuli ya hapa hapa Unguja, na mwalimu wao akawaambia: "Dakika thelathini na nane tu, watoto! Kipindi cha hesabu ni kirefu zaidi." Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani kile kicheko kikanikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Wengi tunakijua kichwa cha habari na hatukijui kisa. Nitakieleza kama ninavyokijua.

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, mfalme wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla. Akazikwa mchana uleule. Binamu yake, Sayyid Khalid bin Barghash, kijana wa chini ya miaka thelathini, akaingia kasri na kujitangaza mfalme. Waingereza wakakataa. Walikuwa wameandikiana mkataba wa himaya tangu 1890, na kwa hesabu yao hakuna anayekaa kwenye kiti bila ridhaa ya balozi wao. Mtu wao alikuwa Sayyid Hamud bin Muhammed. Balozi mkuu Arthur Hardinge hakuwepo, aliyeshika nafasi ni Basil Cave, na pembeni yake alikuwepo Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar, Mwingereza pia.

Bandarini zikakusanyika manowari tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na mwishoni St George iliyombeba Admirali Harry Rawson. Sayyid Khalid akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na atoke. Ilikuwa siku ya Alhamisi, Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi. Hebu fikirini: mji ule ulikuwa bado na sauti za maulidi masikioni.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Ilipofika saa tatu na dakika arobaini ikanyamaza. Wengine wanahesabu dakika 45, mimi hilo silipiganii. Ninalotaka kulisema liko baada ya saa tatu na dakika arobaini: mji ulibaki vipi? Watu wamebaki vipi? Hayo hayaulizwi na mgeni wala mwenyeji.

---

KariakooMsomaji

Mkuu asante kwa uzi. Mimi wa bara, nilisoma hili kidato cha pili na kweli lilikuwa mstari mmoja kwenye daftari. Waliokufa walikuwa wangapi? Na hao manowari walilenga nini, mji mzima au kasri peke yake?

---

MtembezaMji

Walilenga kasri, ndugu yangu, lakini kasri lile halikuwa nyumba moja iliyojitenga. Lilikuwa mtaa. Mbele ya bahari kulikuwa na Beit al-Sahel, nyumba ya tangu enzi ya Sayyid Said. Kando yake Beit al-Hukm, walikokaa wanawake wa nyumba ya kifalme na watumishi wao. Halafu Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash, babaake Khalid, mwaka 1883. Majumba haya yaliunganishwa kwa vivuko vya juu, mtu anatoka huku anaingia kule bila kukanyaga njia. Mbele ulisimama mnara wa taa. Na pembeni ndipo yalipokuwa mabanda ya forodha, maana Forodhani iliitwa Forodhani kwa sababu hiyo, kabla bandari haijahamia Malindi.

Ndani walikuwemo karibu watu 3,000. Wapo askari, ndiyo, lakini wengi walikuwa watumishi, watumwa, na raia waliopewa bunduki siku ileile. Manowari zilizopiga kasri ni tatu, Racoon, Thrush na Sparrow, na zilikuwa karibu mno. Yalirushwa makombora kama 500, na risasi za bombomu, yaani bunduki za rashasha, zaidi ya 4,000. Upande wa kasri waliokufa na kujeruhiwa wanakadiriwa 500. Upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja wa Thrush, akatibiwa akapona.

Mia tano kwa mmoja. Na sisi tunataja dakika.

---

FundiWaChokaa

Nimesoma nikaona niingie, maana hili ni la kazi yangu. Najenga na kukarabati nyumba za mawe, nimerithi kwa baba.

Watu wakiona picha za kasri baada ya mizinga wanashangaa mbona limebomoka kama mkate mkavu na kuta zilikuwa nene vile. Nitawaeleza. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ni mnene, mara nyingi zaidi ya nusu mita, lakini unene wake ndani ni vifusi vidogovidogo vilivyopangwa. Unabeba uzito vizuri sana ukiwa mzima. Ukiutikisa kwa nguvu, lile tumbo la ukuta linamwagika na uso unabaki peke yake. Tundu la kombora unaliona, ila ufa uliokimbia juu na chini yake huuoni mpaka uanze kugonga na kusikiliza.

Jambo la pili ni boriti. Dari zetu zimelala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita tatu hivi, boriti haifiki mbali zaidi. Ncha za boriti zimeingia ndani ya ukuta. Moto ukishika ghorofa ya juu, boriti inaungua mpaka ncha, sakafu inaanguka juu ya sakafu ya chini, nayo inaanguka. Na sakafu yetu si mbao, ni zege la chokaa na mawe, lina uzito wa kutisha. Aliyekuwa chini siku ile hakuuliwa na kombora. Aliuliwa na nyumba.

Nimewahi kuingia kwenye nyumba ya mtaa wa kati iliyoungua kwa moto wa kawaida tu, wa jiko, siku mbili baada ya kuzimwa. Kuta zilikuwa bado na joto. Mawe ya matumbawe yakipata moto yanageuka chokaa yenyewe, unayagusa yanakuwa unga mkononi. Sasa piga picha kasri.

---

BintiMalindi

Fundi umenitoa machozi kwa kweli.

Kwetu hadithi hii ipo, lakini ipo kwa kipande. Bibi yangu alikuwa akisema mamaake alikimbizwa mgongoni kuelekea shamba siku ya mizinga, na walipogeuka nyuma waliona moshi mmoja mnene juu ya bahari. Bibi hakuwahi kuita vita. Alisema "siku ya mizinga" basi. Nami nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba siku ya mizinga na vile vita vya kwenye vitabu ni kitu kimoja.

Ninalouliza mimi: moto ulifika wapi? Maana kwetu wanasema mtaa ulikuwa uungue.

---

MtembezaMji

Dada, hawakukosea. Moto wa kasri ulianza kuelekea mabanda ya forodha, na palikuwa na hofu kubwa ya baruti iliyowekwa karibu na hapo. Mabaharia wa St George na Philomel waliteremshwa kuuzima. Yaani waliotoka kwenye zilezile manowari ndio waliotumwa kubeba maji. Wangechelewa, pengine leo tusingekuwa na huo Mji Mkongwe wa kujivunia.

Na mizinga ilipokoma shida haikukoma. Watu waliingia kupora, hasa mitaa ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambao hawakuwa na upande katika ugomvi wa kiti. Katika vurugu hizo waliuawa watu kama ishirini. Ikabidi waletwe askari wa Kisikh 150 kutoka Mombasa kutuliza mji. Hawa ishirini hata kwenye zile dakika 38 hawamo.

Bandarini meli ya mfalme, Glasgow, ilikuwa imezama. Sayyid Barghash aliiagiza Uingereza baada ya tufani ya 1872 kumwangamizia meli zake, ikamalizika 1878, mizinga yake midogo. Siku ile iliifyatulia St George, manowari kubwa kuliko zote pale. Ikazamishwa. Mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu, wakaokolewa kwa mashua. Maji pale si ya kina kirefu, milingoti mitatu ikabaki imesimama nje ya maji, na ikabaki hivyo mpaka 1912 lilipovunjwa gofu lake. Miaka kumi na sita! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikua, akabaleghe, na kila akienda ufukweni anaona milingoti ya meli ya mfalme wake imetoka majini.

---

SheriaKwanza

Naheshimu uchungu wenu ila tuseme na upande wa pili. Khalid alijua mkataba upo. Mwaka 1893, alipofariki Sayyid Ali bin Said, alijaribu hivihivi kuingia kasri na akatolewa bila damu. Mara ya pili alionywa tena na tena, akapewa saa ya kutoka. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Kwa nini alibaki mle ndani na watumwa na wanawake? Damu ile naye anayo sehemu yake.

---

NyumbaYaMuscat

Naandika kutoka Muscat, kwetu Kiswahili ndicho cha nyumbani, babu zangu walizaliwa Unguja.

Ndugu SheriaKwanza, mkataba unaousema uliandikwa na mwenye manowari na aliyekuwa hana. Sayyid Khalid alikuwa mtoto wa Sayyid Barghash, ile ilikuwa nyumba ya babaake kwa maana halisi. Alikuwa haamini kwamba watapiga kasri. Alituma kuwaambia hivyo, kwamba hawezi kuamini watawafyatulia risasi. Hilo la kutoamini ndilo linaloniuma.

Lakini nakubali nawe jambo moja. Yeye alitoka hai. Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akakaa humo mpaka tarehe 2 Oktoba. Waingereza waliweka walinzi nje, akikanyaga ardhi ya Zanzibar tu akamatwe. Wajerumani wakasubiri maji kujaa, mashua ya manowari yao Seeadler ikafika hadi lango la bustani ya ubalozi, akapanda kutoka humo bila kugusa ardhi, akapelekwa Dar es Salaam. Waliobaki kasri hawakuwa na ubalozi.

---

KariakooMsomaji

Kumbe alikuja kwetu Dar! Hapo naweza kuongezea. Alikaa Dar mpaka vita vya kwanza, Waingereza wakamkamata 1916, wakampeleka uhamishoni, Seychelles na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa 1927.

Na cha kushangaza, huko Dar nako akayakuta yaleyale. Mwaka 1914 manowari za Kiingereza zilipiga Dar, na jumba la gavana wa Kijerumani likaharibiwa. Ikulu tunayoiona sasa ni Waingereza walioijenga upya mwaka 1922 baada ya kushika nchi. Waliobomoa ndio waliojenga, kama Unguja.

---

MtembezaMji

SheriaKwanza, swali lako ni la haki na sitalikimbia. Sayyid Khalid angeweza kutoka. Aliyeamuru mizinga naye angeweza kusubiri siku mbili tatu zaidi, hakuna aliyekuwa anakufa njaa. Lakini angalieni tunavyofanya: tumerudi kwenye mfalme na admirali. Wale mia tano hawakuulizwa na yeyote kati yao.

Tena msisahau kwamba nje ya kasri, upande wa Mathews na Waingereza, walisimama askari wa Kizanzibari kama 900 chini ya Luteni Arthur Raikes. Kwa hiyo ndani ni watu wa Unguja na nje ni watu wa Unguja. Wengine lazima walikuwa wamesali msikiti mmoja Ijumaa iliyopita.

Na bili ikaja. Mchana uleule Sayyid Hamud akawekwa kwenye kiti. Waliomuunga mkono Sayyid Khalid wakatozwa fidia ya rupia 300,000, ya makombora yaliyorushwa na ya mali iliyoporwa. Someni tena taratibu. Makombora waliyopigwa nayo, wakayalipia.

Rawson yeye akavikwa nishani ya Nyota ya Zanzibar na mfalme mpya. Februari 1897, miezi sita tu baada ya Unguja, admirali huyohuyo aliongoza kikosi kilichoiteka Benin, huko Nigeria ya leo. Mji ule ukaungua, na sanamu zake za shaba zikabebwa, nyingi mpaka leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya. Mtu akiniambia ya Unguja yalikuwa kichekesho cha nusu saa, namwambia aulize Benin.

---

BintiMalindi

Haki ya Mungu hili la Benin sikulijua.

Fundi, hebu niambie, wakati wa kujenga upya walijenga kama ilivyokuwa?

---

FundiWaChokaa

Hapana. Na hapo ndipo mji unapojieleza wenyewe ukiwa unajua pa kutazama.

Beit al-Hukm haikusimamishwa tena. Ile bustani iliyo kati ya Beit al-Ajaib na jumba la makumbusho ya kasri, watu wanapita wakidhani ni nafasi ya kupumulia iliyoachwa na mafundi wa zamani. Ni uwanja wa nyumba iliyokufa. Beit al-Sahel ilijengwa upya, ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Jumba la Wananchi baada ya Mapinduzi na sasa ni makumbusho.

Beit al-Ajaib ilipona, haikupata madhara makubwa, na ninavyoona mimi zile nguzo zake za chuma zilisaidia. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukatobolewa tobolewa, haukufaa tena. Walipokarabati mwaka 1897 wakauweka mnara mwingine, safari hii juu ya uso wa jumba lenyewe, wenye saa. Ule mnara wa saa uliokuwa kwenye kila kadi ya posta ya Unguja ni mtoto wa mizinga. Wasingepiga, usingekuwepo pale.

Sasa la mwisho, maana najua mtu ataliuliza. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka, na mnara huo ukaenda nayo. Watu wawili walifariki. Niliwasikia wanaosema ni ufa wa 1896 umekuja kudai. Mimi sikubaliani. Jumba lilisimama miaka mia moja na ishirini na nne baada ya mizinga. Jiwe la matumbawe linakunywa maji kama sifongo. Paa likivuja na lisizibwe, chuma kikashika kutu ndani ya ukuta, na wewe ukapaka saruji juu ya chokaa ukaziba pumzi yake, maji hayana pa kutokea. Mizinga ya miaka hiyo haikuliangusha, sisi tukaliachia maji. Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimefanya kazi mjini humu, nilikuwa napita pale kila siku nikiona majani yanaota kwenye nyufa.

---

SheriaKwanza

Nimesoma yote. Sijabadili maoni kuhusu Khalid, ila hili la kulipia makombora sikulijua na limenikaa vibaya.

Kuna kaburi lao au mnara wowote?

---

MtembezaMji

Nitakujibu kwa kukuonyesha kaburi la wengine. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga hapa bandarini inatengenezwa, ikaipiga ikazama. Mabaharia waliokufa, wengi wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Nimewahi kupeleka wageni. Kaburi linatunzwa, limefyekwa, unajua nani kalala pale. Na hivyo ndivyo inavyostahili, walikuwa watoto wa watu.

Mwendo mfupi kutoka hapo kwa mashua, Forodhani, walikufa watu wengi zaidi ya hao, na sijawahi kuonyeshwa jiwe lenye jina moja. Hilo ndilo ninalotaka liwepo. Sitaki sanamu, wala mnara mkubwa. Kibao tu pale kwenye bustani ya Beit al-Hukm: hapa palikuwa na nyumba, tarehe 27 Agosti 1896 watu walikufa ndani yake. Kwa Kiswahili kwanza.

Kama kwenu kuna jina, hata la utani, hata "mjomba fulani hakurudi siku ya mizinga", liandikeni humu. Nitayakusanya.

---

BintiMalindi

Wakuu, nimerudi. Jana asubuhi nilikwenda Forodhani peke yangu. Nilikaa kwenye benchi inayotazama ile bustani, saa tatu na dakika mbili nikaanza kuhesabu. Simu nikaizima sauti.

Boti ya asubuhi kutoka Dar ikaingia, watu wakateremka, mabegi yakapita. Mzee mmoja alikuja na fagio la chelewa akafagia majani kutoka mti mmoja mpaka mwingine, akapumzika, akavuta maji akanywa, akaendelea. Mama mmoja alimlisha mtoto uji kwenye kikombe, kijiko kwa kijiko, mtoto akakataa, akambembeleza, akaumaliza wote. Wakati huo nikatazama saa nikadhani imekwisha. Zilikuwa zimepita dakika kumi na nne.

Nikasoma Yasin taratibu mpaka mwisho. Nikaomba dua kwa niaba ya wasio na jina. Nikatazama tena. Bado dakika tisa.

Zile tisa ndizo zilizonishinda. Nikawa nafikiria mtu yuko ghorofa ya chini, sakafu iko juu ya kichwa chake kama alivyoeleza Fundi, hajui kama zimebaki dakika tisa au siku nzima.

Saa tatu na arobaini nikainuka. Yule mzee alikuwa hajamaliza kufagia.

Bibi alisema mamaake alikuwa na kaka, mtumishi wa kasri. Jina lake Mabruki.